Sampuli Ilikuwa Nyekundu

Kopo moja lilitosha. Mnunuzi wa Dar es Salaam, anayepeleka vyakula kwenye mahoteli, alilifungua, akanusa, akachukua kipande kimoja cha nyanya kavu na kukikunja kwa vidole. Kikakunjika kama ngozi laini, hakikukatika wala hakikutoa unyevu, na wekundu wake ulikuwa ule ule wa nyanya iliyoivia shambani. Akawapigia simu akina mama waliomtumia, akawaambia atachukua zote watakazokausha msimu ule kwa sharti moja: zote ziwe kama hizi. Miezi mitatu baadaye alikataa gunia la kwanza, akakataa la pili, akaendelea hivyo hadi la mwisho.

Kikundi chenyewe sikitaji kwa jina, maana si kimoja. Kisa hiki nimekiunga kwa makosa yanayotendwa kila msimu na watu tofauti, wenye nia njema na haraka nyingi, nikayaweka mikononi mwa kikundi kimoja ili yaonekane jinsi yanavyofuatana. Nimekiweka Ilula, mkoani Iringa, kwa sababu aliyewahi kusafiri barabara ya Morogoro kwenda Iringa anaijua Ilula kwa matenga yake ya nyanya. Huko mkulima hupambana na magonjwa ya majani, na tangu mwaka 2014 nchi inapambana pia na kantangaze, mdudu anayetoboa jani, shina na tunda. Akivishinda vita hivyo vyote, anakuta jirani zake nao wamevishinda. Nyanya zinaiva kwa wote wiki moja. Dalali anataja bei isiyorudisha hata gharama ya tenga na kibarua wa kuchuma, na nyanya haingoji watu wamalize kubishana.

Ndiyo maana wazo la kukausha linavutia, na ni wazo zuri. Kosa la kikundi hiki halikuwa kukausha. Sampuli iliyokwenda Dar es Salaam ilikaushwa na binti wa mweka hazina katika kaushio dogo la sanduku la mbao: hewa inaingia chini kupitia wavu, inapashwa moto na jua, inapita kwenye trei tatu, inatokea juu kwa nyuma. Alichagua nyanya za aina moja, zilizoiva sawasawa, akazikata vipande vyembamba vinavyolingana, akavigeuza, akatoa kimoja kimoja kadiri kilivyokauka. Sanduku lile lilikula kilo chache tu. Oda ilipokuja, hakuna aliyeuliza kama sanduku litaimudu. Sampuli ilikaushwa kwa njia moja, na mzigo ukakaushwa kwa njia nyingine tatu.

Awamu ya kwanza ilianikwa kwenye turubai uani. Nyanya zilikatwa nusu kwa nusu, nene, ili kazi iishe mapema. Jua lilikuwepo, lakini ulikuwa mwezi wa tano, mawingu ya mwisho wa masika yanakuja na kuondoka, na usiku umande unashuka. Ilichukua siku nane. Hapa wengi hudhani tatizo ni kuku na vumbi, na kweli kuku walipita na vumbi lilitua, lakini hasara kubwa ilianza siku mbili za mwanzo, kabla hata mchanga haujaonekana. Nyanya mbichi ni maji kwa asilimia 93 hadi 95. Ukiikata, umefungua mlango wa sukari na unyevu kwa kila chachu na kuvu iliyo hewani. Uchachu wa nyanya huwazuia bakteria wengi wabaya, lakini chachu na kuvu hauwasumbui. Hewa inayogusa ardhi haitembei sana, na upande wa chini wa kipande, uliolala juu ya turubai, haupati hewa kabisa. Kufikia asubuhi ya tatu kulikuwa na harufu nyepesi ya pombe. Mmoja wao aliisikia, akasema itaondoka zikikauka.

Harufu iliondoka, ladha ya kuchacha ikabaki. Rangi nayo ilikwenda. Wekundu wa nyanya unatokana na likopini, na likopini ina maadui watatu: mwanga, hewa na joto kali. Kipande kilicholala juani siku nane kimewapata wawili wa kwanza kwa muda mrefu mno. Kinapauka, kinakuwa cha rangi ya matofali, kisha kahawia. Vitamini C huharibika mapema zaidi, na katika ukaushaji wa aina yoyote sehemu kubwa yake hupotea, ila hakuna njia inayoipoteza kwa uhakika kama kuiacha nyanya wazi juani kwa wiki nzima. Turubai lilipojaa, vipande vilivyozidi vilitandazwa juu ya mabati. Hilo ningelikataza hata kwa mtu anayekausha za kula nyumbani tu. Bati limepakwa zinki, na asidi ya nyanya inaila zinki hiyo. Kinachobaki ulimini ni ladha ya chuma.

Awamu ya pili ilikutana na mvua ya siku tatu mfululizo. Nyanya zilikuwa zimeshakatwa. Mmoja wa akina mama alikuwa na shemeji mwenye tanuri la mikate, naye kwa huruma akasema, "Shemeji, mikate ikitoka tanuri linabaki na moto bure. Leteni." Wakaleta. Mkate huokwa kwenye nyuzi 200 au zaidi, na tanuri lililotoka kuoka hubaki juu ya nyuzi 100 kwa muda mrefu. Asubuhi nyanya zilikuwa ngumu, kingo zimeungua, katikati nyekundu iliyokolea. Kwa macho zilionekana zimekauka kuliko za turubai. Zilipowekwa kwenye mizani zikaonekana pia kuwa na faida zaidi.

"Mnaona?" mweka hazina alisema. "Kwa nyanya zile zile tumepata kilo nyingi kuliko za turubai. Njia ni hii."

Bibi mmoja, aliye mkubwa kuliko wote kikundini, aliuliza swali ambalo lilistahili kusimamisha kazi siku ile ile: "Hizo kilo zilizozidi ni za nini?"

Zilikuwa za maji. Maji yaliyo katikati ya kipande hayaruki hadi nje. Yanasafiri polepole kuelekea usoni, na hapo hewa ndiyo inayoyachukua. Moto ukiwa mkali mno, uso unakauka haraka kuliko maji ya ndani yanavyoweza kufika. Uso unajifunga, unakuwa ganda, na maji yaliyobaki yanafungiwa ndani. Ukigusa unaona kikavu. Ukikipasua unakuta utelezi. Wakati huo huo sukari na asidi za amino zilizomo kwenye nyanya zinaunguzana, zinaleta rangi ya hudhurungi na uchungu. Kadiri nyanya inavyozidi kuwa tamu na kuiva, ndivyo inavyoungua upesi. Tanuri si adui. Oveni ya nyuzi 60, mlango umeachwa wazi kidogo ili mvuke utoke, hukausha nyanya vizuri sana, na kwa familia moja yenye umeme ni njia ya heshima. Tatizo ni kukausha kwa moto uliokusudiwa kuoka. Kukausha ni kazi ya kuondoa maji, na kinachoyaondoa ni hewa kavu inayotembea. Moto ni msaidizi tu wa hewa hiyo.

Awamu ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, maana hapo walikuwa wamekwisha kujifunza kitu. Waliamua kujenga kaushio kubwa: nguzo za mbao, chanja mbili, nailoni nyeupe kila upande. Fundi aliwaambia joto ni mali, wasiliache litoke, na wakaziba kila tundu. Saa sita mchana mle ndani palikuwa hapaingiliki kwa joto. Jioni nailoni ilikuwa inatiririka maji kwa ndani, nayo yalidondoka tena juu ya nyanya.

Jambo hili linaeleweka kwa hesabu ndogo. Chukua hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 70, uipashe moto hadi nyuzi 45 bila kuiongezea maji. Unyevu wake unashuka hadi karibu asilimia 23. Hewa hiyo sasa ina kiu, inavuta maji kutoka kwenye nyanya. Huo ndio utendaji wote wa kaushio la jua. Lakini hewa ikishakunywa lazima iondoke, nyingine ije. Bila tundu la kuingilia chini na bomba la kutokea juu, umejenga chumba cha kuzifukiza nyanya kwa mvuke wake zenyewe. Kaushio la kisasa lililozibwa linaharibu nyanya kuliko turubai, kwa sababu kwenye turubai angalau upepo hupita. Mtu akikuuzia kaushio, kabla ya kuuliza bei muulize hewa inaingilia wapi na inatokea wapi.

Kufikia hapo walikuwa na mizigo mitatu: mmoja umepauka na una mchanga, wa pili una ganda nje na unyevu ndani, wa tatu umechemka. Wangeitenganisha, huenda sehemu ingeokolewa. Waliichanganya, ili nzuri zifiche mbaya. Hilo ndilo kosa ninaloliona kubwa kuliko yote, na linatendwa na watu waaminifu kabisa, kwa kutojua. Nyanya kavu ina sukari nyingi, inavuta maji. Ukiweka kipande kikavu pamoja na kibichi katika gunia moja, maji yanahama kutoka kibichi kwenda kikavu hadi vyote vilingane. Kikavu hakikitibu kibichi. Vyote viwili vinaishia kwenye unyevu wa katikati, nao unaitosha kuvu kuota. Magunia yakakaa ghalani wiki sita, juu ya sakafu ya saruji, yakisubiri mzigo utimie lori.

Mnunuzi alikuja mwenyewe.

"Shikamoo bibi. Shikamooni akina mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, zimejaa."

Aliingiza mkono gunia la kwanza hadi kwenye kiwiko, akatoa vipande vya katikati badala ya vile vya juu. Vilikuwa vimeshikana. Akakipasua kimoja chenye ganda: ndani kulikuwa na utando mweupe, na mahali pengine madoa meusi. Akachukua kingine kilichoonekana safi, akakitafuna kidogo, kisha akakitema mkononi. Mchanga.

"Mama," alimwuliza mweka hazina, bila hasira, "ile sampuli mliyonitumia nani aliikausha?"

"Binti yangu."

"Na hizi?"

"Tumekausha sote."

"Basi mimi nilinunua kazi ya binti yako. Hizi siwezi kumpelekea mpishi. Akikuta mchanga mara moja, haniiti tena."

Baada ya kuondoka, mtu mmoja akapendekeza zisagwe. Unga hauna sura, alisema. Ukipakiwa vizuri na kuchanganywa na viungo nani atajua? Hapo bibi alikataa kabisa. "Atakayekula ni mtoto wa mtu," alisema, na hakutaka kurudia. Alikuwa na haki hata kama hakujua sababu zote. Miongoni mwa kuvu wanaoandama nyanya wamo wa jamii ya Alternaria, wale wale wanaoacha madoa meusi kwenye tunda shambani, nao hutengeneza sumukuvu. Sumu hizo zinastahimili joto. Kusaga hakuziondoi, kupika hakutoi uhakika wa kuziondoa, na kuondoa sehemu inayoonekana na ukungu hakutoshi. Nyanya kavu iliyoota ukungu haina matumizi jikoni. Zilifukiwa.

Nimesikia watu wakimalizia visa vya namna hii kwa kulaani jua. Hilo si sahihi. Uturuki, ambayo ni kati ya wauzaji wakubwa kabisa wa nyanya kavu duniani, hukausha nyingi kwa jua tupu kwenye mashamba ya pande za Izmir, na kusini mwa Italia ni desturi ya tangu zamani. Lakini tazama wanavyofanya. Kiangazi chao hakina mvua kwa wiki nyingi na hewa yake ni kavu. Nusu za nyanya hunyunyiziwa chumvi, ambayo inavuta maji nje na kuyafunga yale yanayobaki yasitumiwe na kuvu. Wengine huzichovya kwenye maji yenye salfa ili zibaki nyekundu. Jua la Izmir mwezi wa nane si jua la Ilula mwezi wa tano, na wala si jua la Tanga, ambako hewa ya pwani ni nzito kwa unyevu kiasi kwamba nyanya iliyoanikwa wazi hufika mahali ikakataa kukauka zaidi, hata ukiiacha mwezi. Anayeiga njia ya ugenini aige na hali ya hewa yake. Asipoweza, abadili njia.

Kuhusu salfa, kikundi kilipoambiwa habari zake baadaye kiliamua kutoitumia, nami nawaunga mkono. Inahifadhi rangi kweli, lakini wapo wenye pumu ambao salfa huwabana kifua, na katika soko la Ulaya chakula chenye zaidi ya miligramu 10 za salfaiti kwa kilo lazima kiandikwe hivyo kwenye kifungashio. Kwa mkaushaji mdogo asiye na kipimo, ni kemikali ya kukisia. Afadhali nyanya yenye wekundu uliopungua kidogo. Ipo pia njia ya kugandisha nyanya na kuitoa barafu yake bila kuiyeyusha, inayohifadhi rangi na umbo kuliko zote, ila mashine zake ni za viwanda vyenye mtaji mkubwa, na sioni sababu ya kumtia mkulima tamaa nayo.

Msimu uliofuata walianza na nyanya zenyewe. Waliacha zile za maji mengi, wakachagua nyanya ndefu zenye nyama, kama Roma na Cal-J, zilizoiva zote na zisizo na jeraha. Walizikata kwa kisu kisichoshika kutu, unene mmoja, karibu milimita 6. Kaushio lile lile la nailoni lilikatwa tundu upande wa chini, likafunikwa kwa wavu wa mbu, na juu likawekwa bomba lililopakwa rangi nyeusi ili lipate moto na kuivuta hewa. Walinunua kipimajoto. Kikipita nyuzi 60 wanafungua zaidi. Kikibaki karibu na 50 wanaliacha lifanye kazi. Juu ya trei za juani walitandika kitambaa cheusi, mwanga usipige nyanya moja kwa moja. Siku zenye mawingu mazito hawakati nyanya kabisa, hata mtu akilalamika.

Kilichobadilisha zaidi ni mizani, ile ile iliyowadanganya. Binti wa mweka hazina aliwafundisha kuisoma. Nyanya zao zina vitu vikavu karibu asilimia 6, maana yake kilo 10 zilizokatwa zina gramu 600 ambazo si maji. Zikikauka hadi zibaki na unyevu wa asilimia 12, ambao ni salama kuhifadhi, uzito wote ni kama gramu 680. Trei ya kilo 10 ikitoka na kilo moja, gramu 400 kati yake ni maji, hata kama uso umekauka vipi, na inarudishwa. Kwa hiyo sasa kila trei ina namba, inapimwa ikiingia na ikitoka, na uzito mdogo ndio unaowafurahisha. Zikitoka hazifungwi siku hiyo. Zinakaa wiki moja kwenye ndoo safi yenye mfuniko na dirisha la kioo walilotengeneza wenyewe, zinatikiswa kila siku. Ukungu wa maji ukionekana kwenye kioo, ndoo nzima inarudi kaushioni. Ndipo zinatiwa kwenye mifuko mizito isiyopitisha mwanga, kila mfuko na tarehe na namba ya trei, na hakuna mfuko unaochanganya awamu mbili.

Mnunuzi alirudi, akachukua. Hakuchukua nyingi, kwa sababu hazikuwa nyingi. Kaushio lao linamaliza mzigo mmoja kwa siku mbili au tatu za jua zuri, na katika wiki ambayo nyanya zinafurika hilo ni sehemu ndogo tu ya mavuno yao. Nyingine zote bado zinapanda lori mbichi kwa bei ya dalali. Wamejadili kujenga la pili, na fundi ameshapeleka gharama ya mbao na nailoni inayostahimili jua. Nailoni ya kawaida hupasuka mapema. Mpaka litakapokuwepo, wamekubaliana kutokata nyanya nyingi kuliko zinazoingia kwenye trei siku hiyo.